Uzi Unangoja, Mtoto wa Mbwa Hangoji

Watu wanaofuma huniuliza, na watu wa mbwa huniuliza zaidi: unagawaje muda wako? Wanatarajia niwape ratiba. Jumatatu kufuma, Jumatano kuchana mbwa, mwisho wa wiki maonyesho ya mbwa. Niliwahi kuwa na ratiba ya namna hiyo, nimeibandika ukutani juu ya kapu la nyuzi, nikaifuata kwa dhati mpaka jike wangu wa kwanza aliposhika mimba. Tangu hapo sigawi wiki. Naufuata mwili wa mbwa, na kazi za uzi nazipanga nyuma yake.

Mfugaji mmoja aliyenizidi sana uzoefu aliwahi kuniambia nichague. Mtu mwenye mapenzi mawili, alisema, huishia kuyafanya yote nusunusu. Nilimsikiliza kwa heshima, maana mbwa wake ni wazuri na anawatunza vizuri. Lakini nimeishi na mambo haya mawili kwa miaka, na nasema alikosea. Ninataka kueleza kwa nini, kwa sababu nawajua watu waliouza gurudumu lao la kusokotea kwa kuamini maneno kama hayo.

Nafuga mbwa aina ya Samoyed. Ni weupe, wenye manyoya ya tabaka mbili: ya nje ni marefu na yamesimama, ya ndani ni laini na mazito kama pamba iliyochambuliwa. Hayo ya ndani ndiyo kalenda yangu. Mbwa akiwa na tabaka zote mbili zimekamilika, ni wakati wa maonyesho. Jike akizaa, miezi michache baadaye manyoya ya ndani hung'oka kwa mafungu, na hata wasiozaa wana msimu wao wa kupukutisha. Mbwa wa hali hiyo hapelekwi ulingoni. Atasimama mbele ya jaji akiwa na nusu ya umbo lake. Basi anakaa nyumbani, nami nabaki na mifuko ya manyoya ya kusokota na wikendi zilizo wazi. Mpango huo sikuutunga mimi. Ulikuwapo siku zote, ila nilichelewa kuuona.

Nianze na msimu mgumu kuliko yote, wa uzazi. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Kuanzia wiki ya mwisho nampima mama joto asubuhi na jioni, kwa sababu likishuka chini ya nyuzi 37 uzazi kwa kawaida uko ndani ya saa 24. Watoto wakishatoka, kwa wiki mbili za mwanzo hawawezi kujihifadhia joto lao wenyewe. Hawaoni, hawasikii, macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, masikio nayo hufuata. Unawapima uzito kila siku, unamwangalia mama asimlalie mmoja, unamsogeza aliye dhaifu kwenye chuchu yenye maziwa. Unakaa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukaa macho karibu na sanduku, usiku kucha, bila kumsumbua mama.

Na hapa ndipo uzi uliponiokoa. Mtu asiye na kitu mkononi saa tisa usiku atalala, au atamgusagusa mama mpaka akose utulivu. Mimi nafuma soksi. Kazi ya kuzunguka tu, isiyo na ramani wala hesabu, kwa uzi mweupe au wa njano hafifu kwa sababu taa ni ndogo na uzi wa rangi nzito hauonekani vitanzi. Mbwa huizoea sauti ya sindano upesi. Lulu, jike wangu wa sasa, alipozaa mara ya mwisho alikuwa akinyanyua kichwa ninapoacha kufuma. Nikiendelea, anakirudisha chini.

Usiku wa tatu wa uzazi ule, mtoto wa mwisho kuzaliwa alipungua gramu 11 tangu asubuhi. Ni kiasi kidogo, lakini kwa kitoto cha gramu 300 na kidogo ni kengele. Nilimweka kwenye chuchu za nyuma kila baada ya saa mbili, wenzake nikiwaondoa kwa dakika chache ili anyonye peke yake, na katikati ya zamu hizo nilifuma. Daftari lile bado ninalo. Ukurasa mmoja una uzito wa watoto sita upande wa kushoto na mistari ya soksi upande wa kulia, na asubuhi ya siku ya tano yule mdogo ameandikwa kwa wino mzito: ameongezeka gramu 14.

Kuna kazi nyingine ya uzi ambayo watu wa mbwa wataielewa mara moja. Watoto wa Samoyed wote ni weupe. Ukiwatazama wamelala rundo moja huwezi kujua nani ni nani. Kila mmoja namfumia kikanda chembamba cha shingoni kwa kroshia, chenye rangi yake. Nakifuma kwa vitanzi vilivyobana ili kucha isinase, nakifua mara kadhaa kabla ya uzazi ili rangi isichuje kwenye manyoya, na nakikagua kila siku. Mtoto mwenye afya huongeza uzito wake mara mbili katika siku kumi hivi, kwa hiyo kikanda kilicholegea Jumapili kitakuwa kinabana Alhamisi. Anayesahau kukagua asivitumie kabisa.

Wiki ya tatu inapoingia, hata soksi naiweka chini. Kutoka wiki ya 3 mpaka ya 12, pengine ya 14, mtoto wa mbwa anajifunza dunia ni kitu gani: sauti za vyombo, sakafu yenye utelezi, watu wenye kofia, mikono inayomgusa masikio na meno. Asichokutana nacho kipindi hicho anaweza kukiogopa maisha yake yote. Ndiyo maana msemo wa kugawa nusu kwa nusu haunishawishi. Shali ikiachwa miezi mitatu kapuni, unairudia na vitanzi vyote viko pale ulipoviacha. Wiki ya 5 ya mtoto wa mbwa ikipita, imepita. Sioni dhambi yoyote kwa mfumaji ambaye hakugusa sindano kwa robo mwaka kwa sababu alikuwa na watoto sandukuni, na ninasikitika ninapowasikia wafumaji wakiomba radhi kwa kazi zisizokwisha.

Upande wa pili nao lazima niuseme. Mfugaji asiyepata hata saa moja ya kazi ya mikono kwa mwaka mzima, mara nyingi ana mbwa wengi kuliko mikono yake. Mimi sina uzazi wa majike wawili kwa wakati mmoja, na sitakuwa nao. Ukikosa muda wa kukaa chini na kufuma mistari ishirini, huna pia muda wa kukaa chini na kumtazama mbwa mmoja anavyotembea, na huko kutazama ndiko kufuga kwenyewe.

Maonyesho ni jambo la kungoja. Unafika mapema, mbwa ameshaogeshwa na kukaushwa tangu jana yake kwa masaa, kisha unasubiri nusu siku kwa ajili ya dakika mbili au tatu za jaji. Huko nabeba kroshia: kulabu moja, kitonge kimoja cha uzi, kazi ya miraba midogo ninayoweza kuikatiza popote. Lakini nina sharti, na wanaofuma pembeni mwa ulingo wamenisikia nikilisema. Kundi lako likiitwa, mfuko unafungwa. Usiingie na uzi mfukoni, na usimpe mtu mwingine mbwa wako amshike ili umalize mstari. Kamba ya maonyesho ni nyembamba na mbwa huusoma mkono wako kupitia kamba hiyo. Mkono uliokakamaa humfikishia woga papo hapo. Faida ya kroshia ni ya kabla: baada ya saa nzima ya kulabu, vidole vyangu vimelegea na pumzi imetulia, na mbwa anasimama vizuri zaidi. Nimeliona mara nyingi mno kulichukulia kama bahati.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa kila mwenye mbwa na nyuzi alisome mara mbili. Uzi unaua mbwa. Miaka iliyopita mbwa wangu kijana, wa mwaka mmoja, alimeza karibu nusu ya kitonge kilichoanguka nyuma ya kiti. Alitapika siku nzima, nikadhani ni chakula. Jioni niliona ncha ya uzi imetokeza chini ya mkia, na mkono wangu ulikuwa tayari umeishika nivute. Nashukuru nilipiga simu kwanza. Daktari wa mifugo aliniambia usivute, mlete sasa hivi. Uzi mrefu ukinasa upande mmoja, tumboni au chini ya ulimi, utumbo huendelea kuusukuma upande wa pili na kujikunja juu yake kama kitambaa kilichovutwa kwa uzi wa marinda. Ukivuta unaweza kuukata utumbo kwa ndani. Alifanyiwa upasuaji usiku ule na akapona, lakini sijasahau.

Tangu siku hiyo nyuzi zote ziko kwenye masanduku yenye mifuniko, juu kuliko bega langu. Vipande vinavyokatwa vinaingia kwenye chupa, si kwenye mkono wa kiti. Sindano nazihesabu kabla ya kulala. Sifumi nikiwa nimekaa sakafuni na mbwa wakubwa, hata wakiwa wamelala.

Msimu wa kupukutisha ndio zawadi. Manyoya ya ndani nayatoa kwa kitana, siyakati, kwa sababu yaliyokatwa huwa na ncha fupi zinazochoma. Nayafua taratibu kwa maji vuguvugu, nayaanika, nayachambua kwa brashi, kisha nayachanganya na sufu ya kondoo. Nywele za mbwa hazina mawimbi kama sufu, kwa hiyo uzi wake peke yake haunyumbuki na hulegea ukivaliwa. Ukichanganya nusu kwa nusu unapata uzi wenye joto jingi na manyoya laini juu yake; mzuri kwa kofia na glavu, mzito mno kwa sweta ya kuvaa ndani ya nyumba.

Anayedhani huu ni upuuzi wa kisasa ajue kuwa Wasalishi, wenyeji asilia wa pwani ya kaskazini magharibi ya Amerika ya Kaskazini walifuga mbwa maalumu wa sufu kwa maelfu ya miaka. Waliwatenga na mbwa wa kijijini, mara nyingi visiwani, ili wasichanganyike, wakawanyoa kama kondoo, na wanawake wakafuma mablanketi ya heshima kwa sufu yao pamoja na ya mbuzi wa milimani. Ngozi ya mmoja wao, aliyeitwa Mutton na kufa mwaka 1859, imehifadhiwa katika taasisi ya makumbusho ya Smithsonian huko Marekani, na mwaka 2023 wanasayansi pamoja na wazee wa Wasalishi walichapisha utafiti wa vinasaba vyake. Ukoo huo ulijitenga na mbwa wengine miaka ipatayo 5,000 iliyopita. Ulitoweka baada ya ukoloni kuivunja jamii iliyokuwa ikiwatunza. Kila nikisokota nawafikiria wanawake wale. Kwao mfugaji na mfumaji alikuwa mtu mmoja, na hakuna aliyemwambia achague.

Leo Lulu ana siku ya 57. Joto lake asubuhi lilikuwa 38.2, jioni 38.1. Shali ya matundu niliyoianza baada ya maonyesho ya mwisho nimeisimamisha kwenye mstari wa 112, nimefunga uzi mwekundu pale nilipofika, na sanduku limefungwa na kupandishwa juu. Vikanda vinane vimefuliwa vimekauka, kila kimoja na rangi yake. Kwenye kiti kando ya sanduku la kuzalia kuna soksi moja iliyokamilika na ya pili ambayo bado sijafika kisigino.