Yadi ya kilima Dodoma: nani atanufaika?

Tangu treni za SGR, reli mpya ya kisasa, zianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, mazungumzo yamehamia kwenye mizigo. Kuna wanaosema: Dodoma iko katikati ya nchi, basi ijengewe yadi kubwa ya kupangia mabehewa kama zile za Marekani.

Tuzitazame hizo yadi kwanza. Bailey Yard, huko North Platte, Nebraska, ndiyo kubwa kuliko zote duniani. Urefu wake ni takriban kilomita 13. Treni ikiingia, kichwa chake huondolewa na kingine huyasukuma mabehewa taratibu hadi juu ya kilima kilichojengwa makusudi. Kileleni behewa hufunguliwa kutoka kwa mengine na kuteremka kwa uzito wake, bila dereva. Mitambo iliyofungwa relini huyabana magurudumu lisije likawagonga wenzake kwa kishindo, na njia huwa imeshageuzwa kabla halijafika. Linaishia kwenye mstari wa mabehewa yanayokwenda upande mmoja nalo. Mstari ukitimia, treni mpya imepatikana.

Kwa mpango huo mwenye behewa moja anahudumiwa sawa na mwenye mia. Ila kilima kinataka mamia ya mabehewa kila siku, na behewa hupoteza muda mwingi likiwa limesimama. Mwaka 2017 kampuni ya CSX ya Marekani ilifunga vilima kadhaa ili kubana gharama. Mizigo ikakwama, wateja wakaja juu, na baadhi ya vilima vikarudishwa kazini. Hakuna upande wa kushangilia hapo.

Sasa Dodoma. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1910, lakini matawi yake yako kwingine: la Singida linachepuka Manyoni, na njia za Mwanza na Kigoma zinaachana Tabora. Kinachokutana Dodoma ni vipimo viwili vya upana wa reli, reli ya zamani ya mita moja na SGR ya milimita 1,435. Behewa la moja halipandi nyingine, hata ulisukume kutoka Mlima Kilimanjaro. Kinachoweza kuvuka ni kontena, na kontena hupangwa kwa kreni.

Kwa hiyo kilima hapana. Lakini wanaotaka treni nzima za mzigo mmoja, kutoka bandarini hadi kituo kimoja, wanamsahau mfanyabiashara wa alizeti wa Singida. Mpango wao unamfaa mwagizaji wa mafuta au saruji. Mwenye alizeti ana mzigo wa behewa mbili tatu wakati wa mavuno, kisha kimya. Asipopata pa kuyaunganisha na ya wenzake, anaita fuso, na reli imempoteza.

Huyo anahitaji vitu vya kawaida kabisa pale Manyoni: njia chache za pembeni, kichwa kimoja cha kuvuta na kusukuma, watu wa kufunga na kufungua mabehewa. Zaidi ya yote, treni inayopita kwa siku zinazojulikana, hata ikiondoka nusu tupu. Mhasibu atapinga, na ana hoja, kwa sababu treni nusu tupu inamlipa dereva yuleyule. Mimi ningekubali hasara hiyo kwa misimu ya mwanzo, maana mwenye alizeti hatapakia behewa asilojua litaondoka lini.