Jina la Daktari Tunalo, la Marehemu Je?

Tazama picha yoyote mashuhuri ya historia ya tiba, kisha usome maelezo yaliyo chini yake. Utaambiwa ni nani aliyeichora, daktari gani aliiagiza, ilichapishwa mji gani na mwaka gani, na mara nyingine hata jina la tajiri aliyewahi kukimiliki kitabu. Mwili uliolala katikati ya picha ndio pekee usio na mwenyewe. Nimechoshwa na maelezo ya namna hiyo, na naona maktaba na makumbusho zinazotunza picha hizi hazina tena kisingizio.

Tuanze na kitabu ambacho kila mkusanyiko wa historia ya tiba hujivunia ukiwa nacho: kile cha Andreas Vesalius kuhusu muundo wa mwili wa binadamu, kilichotoka Basel mwaka 1543, mwandishi akiwa na umri wa miaka 28. Mapito ya kitabu hiki yanajulikana kwa undani wa kushangaza. Mchapaji alikuwa Johannes Oporinus. Vibao vya mbao vilivyochongwa michoro vilifungashwa Venice, vikavushwa milima ya Alps hadi Basel. Vilidumu karibu miaka 400, vikatumika tena kuchapa toleo la mwaka 1934, kisha vikateketea Munich kwa mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Yaani wasifu wa vipande vya mbao tunao tangu kuzaliwa hadi kufa. Wa watu waliochorwa humo, hatuna.

Lakini hata kidogo kilichopo hakisemwi. Ukurasa wa mbele wa kitabu hicho unaonyesha mwanamke aliyepasuliwa tumbo, Vesalius amesimama kando yake, na umati wa wanaume umesongamana kumtazama. Mwandishi mwenyewe anamgusia ndani ya kitabu: alikuwa amehukumiwa kunyongwa, akadai ana mimba ili asalimike, wakunga wakamkagua kwa amri ya hakimu, wakasema hana. Ukishayajua hayo, picha haibaki ile ile. Tumbo lililo wazi mbele ya kadamnasi ndilo alilojaribu kujitetea nalo. Jambo hilo limo kitabuni, si siri ya mtu, na bado nimesoma maelezo mengi ya picha hiyo yanayosifu nguzo na mikunjo ya nguo bila kumtaja.

Sisemi picha hizi zifichwe. Wapo wanaotaka hivyo, na nia yao ni njema, ila kuufungia mchoro kabatini hakumrudishii marehemu chochote. Isitoshe, vitabu hivi vina elimu ambayo hakuna muhtasari unaoweza kuitoa, na kwangu mimi makosa yake ndiyo matamu zaidi. Galen, daktari Mgiriki wa kale, aliwapasua nyani na wanyama wengine, na maneno yake yakafuatwa kwa zaidi ya miaka 1,300. Mojawapo ni kwamba taya la chini la binadamu ni mifupa miwili. Tabibu Abd al-Latif al-Baghdadi aliyakagua mafuvu ya watu waliokufa kwa njaa kubwa ya Misri mwanzoni mwa karne ya 13, akaona wazi kuwa ni mfupa mmoja. Wengi waliendelea kumwamini Galen, na Ulaya ilibidi Vesalius aje kulisema tena baada ya zaidi ya miaka 300. Ukiviona vitabu hivi vimepangwa rafu moja unaelewa jinsi macho ya mtu yanavyoweza kukataa kuona kile ambacho mwalimu hakukitaja. (Na wale wa mafuvu? Nao pia ni lundo tu katika simulizi.)

Sasa kuna kitabu kinachonikosesha raha kuliko vyote. Mwaka 1774 William Hunter, daktari wa London, alitoa kitabu kikubwa mno cha mimba ya binadamu, chenye mabamba 34 ya michoro, mingi ikiwa kazi ya Jan van Rymsdyk. Kama kazi ya mkono, sijaona inayoifikia: mtoto amejikunja ndani ya mfuko wa uzazi kwa ukubwa wake halisi, kila mshipa mahali pake. Mama amekatwa mapaja kama nyama ya buchani, na uso hana.

Jiulize miili hiyo ilitoka wapi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1752 iliwapa wapasuaji maiti za wauaji walionyongwa. Lakini mwanamke mwenye mimba hakunyongwa mpaka ajifungue. Kwa hiyo mama aliyefariki na mimba ya miezi tisa hakuweza kufika mezani kwa njia ya kitanzi, na enzi hizo biashara ya kufukua makaburi ilikuwa ikiendelea London. Kitabu hakitaji majina, wala hakielezi kila mwili ulipatikanaje. Sihitaji makumbusho imtangaze Hunter kuwa mhalifu. Nahitaji iniambie kwamba kimya hicho kipo, maana ukimya wa kitabu nao ni taarifa ya kihistoria.

Baadaye mambo yakawekwa kwenye sheria, yakawa mabaya kwa namna nyingine. Sheria ya anatomia ya mwaka 1832 iliruhusu maiti za maskini zisizodaiwa na mtu, hasa waliofia katika nyumba za mafukara, zipelekwe shule za tiba. Kilichokuwa adhabu ya muuaji kikawa fungu la fukara. Kitabu maarufu cha anatomia cha Henry Gray, cha mwaka 1858, kilichochorwa na Henry Vandyke Carter, kilizaliwa katika mfumo huo.

Anayedhani haya ni ya karne za giza aangalie atlasi, yaani kitabu cha michoro ya mwili, ya Eduard Pernkopf wa Vienna, daktari na Mnazi, aliyeanza kuitoa mwaka 1937. Baadhi ya wachoraji wake walitia swastika, nembo ya Wanazi, na alama za SS, kikosi chao, kwenye saini zao, na matoleo ya baadaye yakazifuta alama hizo kimyakimya. Miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Vienna kilifanya uchunguzi, ikaonekana kwamba angalau miili 1,377 ya watu waliouawa kwa hukumu za utawala ule ilipelekwa kwenye taasisi ya anatomia. Hata hivyo wapo wapasuaji waliosema hadharani kuwa bado huifungua, hasa kwa kazi ngumu ya mishipa ya fahamu, kwa sababu hawajapata michoro inayoishinda. Rabi Joseph Polak, mwalimu wa dini ya Kiyahudi, aliulizwa kama hilo linafaa. Jibu lake, lililotolewa mwaka 2017, ni kwamba mchoro unaweza kutumika kuokoa maisha, ila kwa sharti kila mtu ajulishwe ulikotoka. Sijaona mwongozo bora kuliko huo, na nashangaa kwamba unatajwa kwa atlasi hii peke yake.

Wakati mwingine anayefutwa ni daktari. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huko Kahura, Bunyoro, katika Uganda ya leo, mama wa takriban miaka 20 akipasuliwa ili atolewe mtoto. Alinyweshwa pombe ya ndizi hadi akalewa nusu, na kwa pombe hiyo hiyo mpasuaji akanawa mikono na kuliosha tumbo. Damu ilizuiwa kwa chuma kilichotiwa moto. Jeraha lilifungwa kwa vijiti saba vyembamba vya chuma na uzi wa magome ya mti, likapakwa mizizi iliyotafunwa. Siku ya 11 lilikuwa limepona. Wakati huo upasuaji wa aina hii uliua akina mama wengi Ulaya. Felkin aliuchapisha ushahidi wake pamoja na mchoro katika jarida la kitabibu la Edinburgh mwaka 1884, na tangu hapo mchoro unajulikana kwa jina lake yeye, mtazamaji. Bingwa aliyeshika kisu hatajwi, wala mama.

Najua nitakachojibiwa: mgonjwa ana haki ya siri, majina yasitajwe. Kwa picha za kamera nakubali kwa kiasi kikubwa. Mtu aliyepigwa picha wodini mwaka 1920 huenda ana wajukuu walio hai, na picha ya aina hiyo isiwekwe wazi kabla mtu hajafikiria kwa makini. Lakini ninachodai ni habari, na jina ni sehemu yake ndogo tu. Katika hospitali ya Salpêtrière, Paris, miaka ya 1870, alipigwa picha nyingi msichana aliyeitwa Augustine, aliyeingizwa humo akiwa na miaka 14 na kuonyeshwa kama mfano wa histeria, jina la zamani la ugonjwa wa mishtuko na hisia kali uliohusishwa na wanawake. Jina hilo tunalo, lakini kila picha imepachikwa jina la mkao wa ugonjwa. Augustine yule aliyetoroka hospitalini humo mwaka 1880 akiwa amevaa nguo za kiume haonekani popote katika maelezo hayo.

Jambo hili limekuwa la haraka kwa sababu ya intaneti. Maktaba ya historia ya tiba ya Wellcome, London, ilipofungua picha zake za kihistoria zipatazo 100,000 mwaka 2014, nilifurahi, na bado nafurahi: mtu asiye na nauli wala barua ya profesa anaweza kutazama kilichokuwa cha wachache. Shida ni kwamba picha ikishaskaniwa inakatika kutoka kitabuni. Inazunguka peke yake, inachapwa kwenye kava la simu, inatundikwa saluni ya tatuu, na ukurasa uliokuwa ukieleza mambo umebaki maktaba. Kitu pekee kinachosafiri nayo ni ile mistari michache ya katalogi, na hata hiyo si kila mara. Ndiyo maana mistari hiyo isiachwe kama ilivyoandikwa na karani wa miaka 100 iliyopita.

Wala si kazi inayongoja fedha za utafiti. Mchoro wa Kahura unaweza kuandikiwa leo hii: "Mama wa takriban miaka 20 akifanyiwa upasuaji wa uzazi na bingwa wa Bunyoro, 1879. Mama alipona. Aliyeuchapisha, Robert Felkin, hakuandika jina la yeyote kati yao."