Kumbukumbu Haiko Kwenye Kibao

Wapo wanaochoshwa na sanamu za dhahania, zisizoiga umbo la kitu halisi, zinazoandamana na hadithi ya maisha ya mchongaji. Hoja yao si nyepesi: kiondoe kibao cha maelezo, mtazamaji anabaki na gogo lililochongwa, asijue kama ni mama wa mtu, bahari au mlango. Na kweli, ziko kazi dhaifu zinazobebwa na maneno ya ukutani.

Ila hoja hiyo inaichukulia kumbukumbu kuwa habari ya kusimuliwa. Kwa mchongaji, mara nyingi kumbukumbu ni kipimo: kimo cha mtu, uzito wake, umbali aliopenda kusimama na wenzake.

Mchongaji Louise Bourgeois alihama Ufaransa mwaka 1938 akahamia New York. Katika miaka ya 1940 alikuwa akichonga juu ya paa la jengo alimoishi: sanamu za mti, ndefu na nyembamba, zenye kimo cha binadamu, zikisimama badala ya watu aliowaacha ng'ambo. Alipozionyesha mwaka 1949 na 1950, hakuzipa vitako, yaani misingi ya kusimamia. Alizisimamisha sakafuni, nyingine zikiwa zimechongoka chini hata unahisi zitaanguka. Anayeingia hazitazami kwa mbali. Anapita katikati yake, kama mgeni kwenye chumba cha watu wanaojuana.

Jambo hili la vitako halinitoki akilini. Baadaye baadhi ya sanamu hizo zilimiminwa kwa shaba nyeusi, zikafungwa kwenye vitako vya chuma cha pua. Umbo lile lile, hadithi ile ile. Lakini ile hofu ya kuanguka imepungua, na pamoja nayo imepungua hali ya mtu aliyeachwa bila wa kumshika. Kumbukumbu ingekuwa kwenye kibao tu, badiliko hilo lingepunguza nini?

Mchongaji Mwingereza Barbara Hepworth naye, katika sanamu yake Pelagos ya mwaka 1946, alikomba mti aina ya elm ukawa uwazi uliojikunja, akaukaza kwa nyuzi. Ilitokana na ghuba ya St Ives, Uingereza, na nyuzi zile ni mvuto aliouhisi kati yake na bahari, upepo na vilima. Asiyewahi kufika huko hataiona ghuba. Mkazo wa nyuzi ataupata.

Kwa hiyo kibao nisingekiondoa. Ningekihamishia kwenye mlango wa kutokea.