Boksi la hewa la Subaru: kidude kinachong'olewa kabla ya kueleweka

Ukinunua Subaru WRX iliyotumika Japani na kuifikisha Nairobi, kitu cha kwanza ambacho vijana wa gereji watakushauri ukitoe ni lile boksi jeusi la plastiki lililoko mbele, pembeni ya injini. Ndani yake mna filta ya karatasi, na humo ndimo hewa inamopita kabla ya kufika kwenye turbo, ile feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Badala yake utaonyeshwa bomba la aluminiamu linalong'aa, lenye filta ya umbo la uyoga, nyekundu au buluu, mwishoni, kisha utaambiwa kwamba sasa gari litapumua.

Neno hilo, kupumua, ndilo lililonifanya niandike. Linafanya boksi la kiwandani lionekane kama mkono uliomkaba mtu koo, na wenye magari wanaling'oa bila kuuliza lilikuwa likifanya kazi gani.

Nianze na ukweli wa upande wa pili, kwa sababu upo. Injini ni pampu ya hewa. Shirikisho la FIA lilipotaka kupunguza kasi ya magari ya mbio za dunia za rali mwaka 1995, halikugusa petroli wala pistoni. Lilibana mdomo wa turbo kutoka milimita 38 hadi 34, basi. Kwa hiyo anayesema kwamba njia ya hewa ni nguvu hakosei hata kidogo. Wala hakosei anayesema kuna raha ya kusikia turbo ikivuta hewa kwa sauti kila unapokanyaga mafuta. Ule mngurumo unaoitambulisha Subaru barabarani unatoka kwenye mabomba ya moshi yasiyolingana urefu, lakini mlio wa turbo unatoka kwenye inteki, yaani njia ya kuvutia hewa, na filta ya uyoga inauacha wazi. Mtu aliyelipia gari lake ana haki ya kuutaka.

Swali ni kama boksi la kiwandani ndilo linalobana. Hili linapimika bila mashine ya bei kubwa. Mafundi wa malori wanalijua jambo hili, kwa kuwa malori mengi yana kipimo kidogo kwenye njia ya hewa kinachoonyesha filta imeziba kiasi gani. Kwenye gari dogo unaweza kutumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ukaukunja kama herufi U, ukatia maji, ukachomeka ncha moja kati ya filta na turbo, kisha mwenzako akaangalia maji yanapanda kiasi gani unapokanyaga hadi mwisho. Uzito wa hewa ya Mombasa unaweza kuinua maji zaidi ya mita 10. Sasa tuseme boksi lako linabana hadi maji yakapishana kwa sentimita 25. Hiyo ni kama asilimia 2.5 tu ya hewa yote inayoisukuma njia ile. Na kwenye injini ya turbo hata hiyo haipotei yote, kwa kuwa kompyuta ya gari inafuata kiwango cha msukumo ilichopangiwa, na turbo inaongeza mzunguko kidogo kukifikia.

Linganisha na kitu ambacho hakuna anayekilalamikia. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700, na msukumo wa hewa huko ni pungufu ya ule wa Mombasa kwa karibu asilimia 18. Kupanda kutoka Mombasa hadi Nairobi kunalinyima gari hewa mara kadhaa kuliko boksi lolote la plastiki.

Kisha kuna joto. Kila hewa inapopanda nyuzi 3 hivi, uzito wake unashuka kwa takriban asilimia 1. Boksi la kiwandani linavuta hewa kutoka mbele, nyuma ya grili, nje ya joto la injini. Uyoga uliofungwa wazi chini ya boneti unavuta hewa iliyokwisha kupikwa na redieta na turbo. Kwenye mashine ya kupimia nguvu, boneti huwa wazi na feni kubwa inapuliza mbele, kwa hiyo uyoga unatoa namba nzuri na karatasi inachapishwa. Kwenye foleni ya Mombasa Road saa kumi na moja jioni boneti imefungwa na feni hiyo haipo.

Lakini nguvu kidogo huku na kule si jambo linaloninyima usingizi. Kinachoninyima usingizi ni vumbi.

Lita 1 ya petroli ili iungue vizuri inahitaji karibu kilo 11 za hewa. Kwa hewa nyepesi ya Nairobi hizo ni kama lita 11,000. Jaza tangi la lita 60, liendeshe hadi likauke, na injini yako itakuwa imevuta hewa inayoweza kujaza kontena 20 za futi 20. Fikiria kontena 20 zimepangwa uwanjani, kila moja imejaa hewa ya barabara ya Narok wakati wa kiangazi, nyuma ya lori. Yote hayo yamepita kwenye kitu unachoweza kukibeba kwapani. Na hilo ni tangi moja.

Sasa angalia asilimia zinazotajwa kwenye matangazo. Filta nzuri ya karatasi, mpya na iliyokaa sawasawa kwenye boksi lake, hukamata zaidi ya asilimia 99 ya vumbi la majaribio. Filta za pamba zilizopakwa mafuta, zile za kuoshwa na kurudishwa, hutangazwa na watengenezaji wake kwa namba za kuanzia kama asilimia 97 kwenda juu. Msomaji anaona 97 na 99.5 na kusema tofauti ni ndogo. Hapo ndipo hesabu inapomdanganya. Injini haijali kilichokamatwa. Inajali kilichopita. Kwa kila gramu 100 za vumbi, filta ya asilimia 99.5 inapitisha nusu gramu, na ya asilimia 97 inapitisha gramu 3. Hiyo ni mara sita. Injini mbili pacha, barabara moja, dereva mmoja, na moja inakula mchanga mara sita ya nyingine.

Na mchanga huo hauendi popote kwa heri. Kwanza unakutana na panga za turbo, zinazozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwa mwendo huo chembe ya vumbi ni risasi ndogo. Inayobaki inaingia kwenye silinda, inachanganyika na oili, na kuwa msasa kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Gari halitazimika siku hiyo. Litaanza kula oili baada ya miaka miwili, na mwenyewe atasema Subaru ndivyo zilivyo.

Hapa nchini jambo hili lina uzito wa pekee. Subaru walianza kutumia injini ya EJ20 mwaka 1989 kwenye Legacy, na mwaka 2019 walitangaza Japani toleo la mwisho la WRX STI yenye injini hiyo, magari 555 tu. Kenya inapokea magari yasiyozidi miaka 8, kwa hiyo hizo tunazoziendesha ni za mwisho mwisho au zilizokwisha zeeka hapa hapa. Ukiimaliza uliyo nayo kwa vumbi, utaingia kwenye soko la injini za mitumba, na hapo hujui aliyeitumia kabla yako aliifungia filta gani.

Wanaopenda uyoga hunijibu kwa kutaja mbio. Sawa, tutaje mbio. Subaru Impreza, ukoo wa WRX, zilishinda Safari Rally mwaka 1997 na 2000. Angalia picha za magari ya Safari na utaona bomba linalopanda kutoka kwenye boneti hadi juu, ubavuni mwa kioo cha mbele. Timu zenye pesa na wahandisi wa kila aina, zinazotafuta kila sekunde, zilipofika kwenye vumbi letu na mito yetu hazikuacha filta wazi. Ziliinua pua ya gari mahali hewa ilipo safi na maji yasipofika. Hilo la maji pia si dogo. Ziko inteki zinazoshusha filta chini nyuma ya bampa kutafuta hewa baridi. Mvua zilizofurika Nairobi mwezi Aprili 2024 zinatosha kumkumbusha mtu kwamba barabara inaweza kugeuka mto kwa dakika chache, na maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikikutana nayo, konrodi, yaani mkono unaoishika pistoni, ndiyo inayopinda.

Kuna kazi nyingine ya boksi ambayo wauzaji wengi hawaitaji, nayo ni kupima. Kwenye WRX nyingi tunazoziona, sensa ya hewa imekaa pale pale hewa inapotoka kwenye filta. Ndani yake mna kijiwaya kinachopashwa moto na umeme. Hewa inapopita inakipoza, na kompyuta inasoma umeme unaohitajika kukirudishia joto lake, kisha inajua hewa ni kiasi gani na petroli imwagwe kiasi gani. Hesabu hiyo imepangwa kwa upana wa bomba lile tu.

Tuseme bomba lilikuwa na milimita 68 ndani, na jipya lina 76. Njia imepanuka kwa robo. Hewa ile ile sasa inapita polepole zaidi, kijiwaya hakipoi kama awali, na kompyuta inadhani hewa imepungua. Inakata petroli. Ukiendesha taratibu, sensa ya moshi italigundua kosa na kulirekebisha. Ukikanyaga hadi mwisho, kwenye magari mengi ya umri huu, marekebisho hayo hayafanyi kazi kikamilifu. Mchanganyiko uliokuwa hewa 11 kwa petroli 1 unasogea karibu na 13.7 kwa 1, wakati turbo inasukuma kwa nguvu zote. Gari linahisi jepesi, linavuta vizuri, mwenyewe anafurahi. Ndani ya silinda injini inagonga, yaani petroli inalipuka ovyo badala ya kuungua kwa mpango, na kwa hizi Subaru, hasa za lita 2.5 zenye turbo, kingo za pistoni zinazoshikilia ringi ndizo zinazopasuka kwanza.

Niliwahi kuwa na WRX iliyofungwa uyoga na mwenye gari wa kwanza. Ilikuwa ikitetemeka kwenye taa nyekundu, mzunguko ukipanda na kushuka wenyewe. Fundi alibadilisha plagi, kisha koili, kisha akaanza kuitazama pampu ya petroli. Tulipotoa sensa ya hewa, kijiwaya kilikuwa na ukoko wa mafuta na vumbi. Watengenezaji wa filta za pamba husema kosa hilo ni la aliyepaka mafuta kupita kiasi, na nadhani wanasema kweli. Lakini filta inayohitaji mafuta maalumu kwa kipimo maalumu inaoshwa wapi kwetu? Inaoshwa kwa sabuni ya unga na kupakwa oili iliyopo.

Nisiwaonee watu wa uyoga peke yao. Sisi wa karatasi nasi tuna dhambi zetu. Filta feki zimejaa madukani, na karatasi yake ukiielekeza kwenye jua unaona matundu. Kuna pia tabia ya kupuliza filta kwa upepo wa kompresa kila huduma, bomba likiwa limegusishwa kabisa na karatasi. Upepo huo unatanua vitundu, na filta inayoonekana safi imekuwa chekeche. Filta ya karatasi iliyoshika vumbi kiasi huchuja vizuri zaidi kuliko ikiwa mpya, mpaka itakapoziba. Ikiziba, badilisha. Mtu anayetumia feki na kompresa hana hoja dhidi ya mwenye filta ya pamba anayeitunza kwa uangalifu.

Yupo pia mtu ambaye kwake boksi la kiwandani limekwisha kazi. Huyo ameweka turbo kubwa, amebadilisha nozeli za petroli, na anatafuta nguvu ambayo sensa kwenye bomba lake la awali haiwezi kuisoma tena kwa sababu imefika ukomo wa kipimo. Bomba pana kwake ni hitaji, maana linaipa sensa nafasi ya kusoma hewa zaidi. Sina ubishi naye. Ninachomwomba ni mpangilio: inteki ifungwe kwanza, kisha gari lipelekwe kupangwa upya kompyuta siku hiyo hiyo, lisiendeshwe wiki mbili "kusikilizia".

Wengine wote, ambao ndio wengi, ningewaambia wabaki na boksi. Kama ni lazima kununua, tafuta inteki iliyofungiwa ndani ya boksi lenye mfuniko na mpira wa kuzibia, inayovuta kutoka mbele juu, yenye filta kavu isiyopakwa mafuta, na ambayo upana wa ndani pale penye sensa ni ule ule wa kiwandani. Pima kwa kalipa kabla ya kulipa. Muuzaji asiyeweza kukutajia milimita zake anauza rangi.

Na kwa yeyote mwenye uyoga leo, jaribio halina gharama. Baada ya safari ya barabara ya vumbi, acha injini ipoe, fungua klipu, toa filta, kisha pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba, upande wa turbo.