Azimio liliweka dari, Katiba ikaweka sakafu

Tanzania ilianza na dari, yaani kikomo cha mali ya kiongozi. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni au nyumba ya kupangisha. Sakafu, yaani kiwango ambacho mtu hapaswi kushuka chini yake, ilikuja na haki za binadamu, zilizoingia kwenye Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisikiliza Machi 1988. Hata hivyo, haki ya kazi, elimu na msaada wakati wa uzee au maradhi iliwekwa ibara ya 11, na ibara ya 7(2) inazizuia mahakama kuigusa. Miongoni mwa zilizopewa meno ni ibara ya 24, haki ya kumiliki mali.

Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Zanzibar ikalegeza ile miiko ya Azimio kwa viongozi. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 ikaleta fomu ya tamko la mali. Leo kiongozi kuwa na nyumba kumi si kosa, kosa ni kuzificha.

Matokeo ya kuwa na sakafu bila dari yanaonekana pembezoni mwa Dodoma, kuanzia Nala hadi Ihumwa. Shamba likitwaliwa kwa ajili ya mji, kanuni za fidia ya ardhi za 2001 zinadai thamani ya soko, posho ya usumbufu, usafiri wa tani 12 ndani ya kilomita 20, na posho ya makazi ya kodi ya miezi 36. Malipo yakipita miezi sita, riba inaanza kuhesabiwa. Kwenye karatasi, ni sheria nzuri kuliko watu wengi wanavyodhani.

Sasa chukua shamba la mtama lisilo na nyumba. Posho ya makazi haipo, ya usafiri haipo. Mthamini anakadiria bei ya shamba, kwa ekari. Baadaye ardhi ileile inapimwa, barabara zinachorwa, inauzwa kwa mita ya mraba. Kweli, upimaji una gharama. Lakini faida inayobaki juu ya gharama hiyo haimrudii mwenye shamba, na aliyekuwa na fedha za kununua viwanja vitano ndiye atakayewapangishia watumishi. Hakuna haki iliyovunjwa popote, na pengo limepanuka.

Ndiyo maana kupigania fidia kubwa zaidi pekee hakutoshi. Mwenye shamba alipwe sehemu kwa viwanja vilivyopimwa, vyenye hati kwa jina lake, na kuwe na kikomo cha viwanja ambavyo mtu mmoja anaweza kununua katika mradi mmoja wa umma, akihesabiwa pamoja na mwenzi wake.