Alama za leseni si faini nyingine

Kila mara mpango wa kuwawekea madereva alama za makosa kwenye leseni, zikijaa wasimamishwe kuendesha, unapotajwa, jibu linalosikika kwenye steji za Nakuru na Kisumu ni lile lile: serikali imepata njia nyingine ya kutukamua. Hasira hiyo ina chanzo, na nitairudia. Lakini nadhani imeelekezwa pasipostahili, maana tofauti na faini, alama haiiingizii serikali hata shilingi.

Tuanze na tulicho nacho. Kanuni za Kenya za makosa madogo ya trafiki za 2016 zinapanga kasi kwa ngazi. Ukizidisha kilomita 1 hadi 5 kwa saa, unaonywa. Kuanzia 6 hadi 10, shilingi 500. 11 hadi 15, shilingi 3,000. 16 hadi 20, shilingi 10,000. Sasa tazama zinamuumiza nani. Mwenye gari kubwa anayewahi harusi Kakamega hulipa 3,000 na kusahau kabla hajafika Chavakali. Kwa dereva wa matatu hiyo ni unga, kodi na karo. Kisha, wote wawili wakishalipa, leseni zao ziko safi vile vile. Aliyenaswa Ahero wiki hii na Kedowa wiki ijayo, kwenye barabara ile ile ya Kisumu kwenda Nakuru, anakutwa Salgaa kama mtu ambaye hajawahi kukosea.

Kwingine leseni ina kumbukumbu. Uingereza, kosa la kasi huleta alama 3 au zaidi. Zikifika 12 ndani ya miaka 3, kwa kawaida mtu hufungiwa kuendesha kwa miezi 6 au zaidi. Dereva mgeni akifikisha 6 katika miaka yake miwili ya kwanza, leseni inafutwa na anarudi kuwa mwanafunzi. Ufaransa huhesabu kinyume: dereva kamili ana alama 12 na kila kosa linapunguza, ingawa tangu Januari 2024 aliyezidisha kwa chini ya kilomita 5 hutozwa faini bila kunyang'anywa alama.

Mfano ambao ningependa wabunge wetu wautafakari ni wa jimbo la New South Wales, Australia. Dereva wa kawaida huko husimamishwa akifikisha alama 13 katika miaka 3. Dereva anayeishi kwa kuendesha amewekewa 14. Alama moja tu ya ziada, nami nimeifikiria sana alama hiyo.

Kidogo? Hebu tuipigie hesabu kwa barabara yetu. Matatu ya Kisumu kwenda Nakuru hupita Ahero, Awasi, Kapsoit, Kericho, Chepseon, Kedowa, Londiani Junction, na kote kwenye watu sheria inataka kilomita 50 kwa saa. Anayekwenda na kurudi kutwa amekabiliwa na vibao hivyo mara nyingi kwa siku kuliko mwenye gari binafsi kwa mwezi. Kwa hiyo madereva wanaposema alama zitawaumiza wao kwanza, wanasema kweli, na anayewajibu kwamba "sheria ni moja kwa wote" hajawahi kukaa kiti cha mbele akatazama kazi yao.

Lakini endelea na hesabu. Katika jimbo hilo, kuzidisha kwa kilomita 10 au chini ya hapo ni alama 1. Mwenye 14 angelazimika kunaswa mara 14 katika miaka 3, yaani karibu kila wiki 11, ndipo asimamishwe. Kuzidisha zaidi ya 10 hadi 20 ni alama 3, na hapo mara ya tano inatosha. Ukisoma viwango hivi pamoja unaona vinavyotenganisha: mguu uliopitiliza kidogo mteremkoni unavumiliwa, mazoea ya kukanyaga hayavumiliwi. Tena dereva mwenye leseni kamili akifika ukomo anaweza kuchagua mwaka mmoja wa kuchungwa badala ya kusimamishwa papo hapo. Akikusanya alama 2 ndani ya mwaka huo, anasimamishwa kwa mara mbili ya muda ambao angesimamishwa mwanzoni. Familia haikosi chakula kwa kosa la siku moja. Na wakati wa sikukuu alama za kasi huhesabiwa maradufu. Fikiria hilo Desemba, barabara ya Mau Summit ikiwa imejaa wanaokwenda nyumbani Magharibi.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi. Mwenye gari anayedai tageti, yaani kiasi cha pesa cha kila siku, anaweza kumwambia dereva, "wewe nenda, faini nitalipa." Alama hawezi kuzibeba. Zinakaa kwenye jina la aliyeshika usukani. Dereva anayeambiwa aongeze tripu ya mwisho usiku anapata kwa mara ya kwanza jibu ambalo bosi hawezi kulinunua: leseni yangu ina alama 9. Wengi huziona alama kama fimbo ya kumchapa dereva, nami naona pia zinampa cha kushikilia mbele ya mwajiri.

Wapinzani wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni kuchuja kwa makali. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliochapishwa 2012 uligundua kwamba mifumo hii hupunguza ajali, vifo na majeruhi kwa asilimia 15 hadi 20 mwanzoni, kisha nafuu hiyo hufifia kabla ya miezi 18 kwisha. Sisi hatuhitaji kusimuliwa. Sheria za matatu za waziri wa uchukuzi John Michuki zilipoanza Februari 2004, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 vilifungwa, mikanda ikavaliwa, mstari wa manjano ukapakwa kwenye matatu. Baadaye vidhibiti vikachezewa na mikanda ikabaki pambo. Kilichodhoofika ni usimamizi. Dereva huogopa akijua ataonekana, na akizoea kwamba haonekani, hofu huisha.

Kuonekana kunategemea nani anatazama, na hapo ndipo hoja ya pili. Karibu na Salgaa gari linalokuja hukuwashia taa mara mbili, nawe unajua polisi wako mbele. Msururu mzima unapoa, makanga anarudi kukaa, kizuizi kikipita injini zinanguruma tena. Ukimpa afisa wa kizuizi cha barabarani uwezo wa kuweka alama, umepandisha bei ya chai: anayehofia kupoteza kazi ya miezi 6 atatoa zaidi ya anayehofia 3,000. Kwa hiyo nasimama nao hapa. Alama zitoke kwenye kamera, ujumbe umfikie dereva kwenye simu ukiwa na picha, mahali na saa, na awe na mahali pa kukata rufaa.

Lakini kamera husoma namba ya gari, haisomi uso. Matatu moja huendeshwa na watu wawili watatu kwa siku, dereva mwenyewe na wa skwodi, yaani wa kumshikia zamu. Mwenye gari akiulizwa nani alikuwa usukanini saa nne asubuhi, atamtaja asiye na mtetezi. Hii ndiyo shida kubwa kuliko zote nilizotaja, na si ya kupuuzwa. Kabla alama ya kwanza haijaandikwa, sako, yaani vyama vinavyosimamia matatu, zilazimishwe kuweka daftari la zamu linalotiwa saini na dereva kila anapopokea ufunguo na kila anapoukabidhi, na gari lisilo na daftari, alama ziende kwenye kibali cha mwenye gari.