Milo sita haichomi mafuta zaidi

Kuna makala inayosema kula milo sita midogo kwa siku huufanya mwili uchome mafuta zaidi. Si kweli. Nishati ya kusaga chakula ni karibu asilimia 10 ya kalori zote ulizokula, hivyo kalori 1,800 hugharimu kama 180 ukizigawa mara tatu au sita. Mwaka 2014 watafiti wa Prague waliwapa wagonjwa 54 wa kisukari aina ya pili kalori zilezile kwa mitindo miwili, wiki 12 kila mmoja. Kwa milo miwili, asubuhi na mchana, walipungua kilo 3.7, kwa milo sita, kilo 2.3.

Njaa nayo ina mazoea. Homoni ya ghrelini, inayoleta njaa, hupanda kuelekea saa uliyozoea kula, ndiyo maana siku za kwanza za ratiba mpya ni ngumu. Na kwetu "mlo mdogo" wa saa nne mara nyingi ni maandazi na chai ya vijiko vitatu vya sukari, karibu gramu 12. Haushibishi hata kidogo! Afadhali kuongeza maharage, mayai au dagaa kwenye mlo mkuu.

Ila tafadhali: anayejidunga insulini au kumeza glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) asiruke mlo kabla daktari hajarekebisha dozi. Akitoka jasho, kutetemeka au kuchanganyikiwa, huenda sukari ya damu imeshuka. Kama anaweza kumeza, apewe gramu 15 za sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15.